Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafiri Dar es Salaam: leseni ya teksi inanunua nini?

Kwa Waziri wa Uchukuzi; Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA); Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wakurugenzi wa manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni; Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Kanda Maalumu ya Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Teksi inayofuata sheria katika jiji hili hubeba karatasi kabla ya kubeba abiria. Kadi ya gari iliyosajiliwa kwa biashara na kibao cheupe mbele na nyuma. Bima ya gari la abiria, siyo ya gari binafsi. Ripoti ya ukaguzi wa polisi. TIN na makadirio ya kodi TRA. Leseni ya usafirishaji ya LATRA, inayoombwa kwenye mfumo wa RRIMS na kwisha baada ya mwaka. Dereva naye awe na leseni ya daraja C iliyo hai. Kila kimoja kina ada yake na tarehe yake ya kuisha, na tarehe hizo hazikutani: bima inaisha Machi, leseni ya LATRA Juni, ukaguzi Septemba. Mwenye gari moja hujikuta kila baada ya miezi michache yuko dirishani na gari limelala, na siku iliyolala haifidiwi na mtu.

Hatuandiki kuomba karatasi ziondolewe. Zinamlinda abiria, na tunataka zibaki. Tunauliza jambo moja tu: dereva akishalipia leseni, anapata kitu gani ambacho asiyelipia hakipati? Kwa sasa anachokipata ni kuonekana kwa urahisi zaidi pale faini zinapotafutwa.

Tuanze na kibao cha namba, maana ndicho kinachotutenganisha. Gari binafsi lina kibao cha njano, la biashara lina cheupe. Trafiki aliyesimama Mwenge au Magomeni anajua kwa mbali lipi ni lipi. Teksi bubu, yaani gari la kibao cha njano linalobeba watu kwa malipo, hupita kama gari la familia. Likisimamishwa, abiria anasema "huyu ni shemeji yangu", na mazungumzo yanaishia hapo. Gari la nyuma yake, lenye kibao cheupe na mstari wa rangi ubavuni, ndilo linalotoa karatasi zote saba kuanzia mwanzo.

Anayeumia zaidi hapo ni abiria. Bima ya gari binafsi huandikwa kwa matumizi binafsi, na kubeba watu kwa malipo ni nje ya matumizi hayo. Siku ya ajali kampuni ya bima ina sababu mkononi ya kulipinga dai, na mtu aliyevunjika paja anabaki kudaiana na dereva ambaye naye amelala wodi ya pili. Abiria hajui haya anapofungua mlango. Anaona bei imepungua Tsh 2,000 na gari lina kiyoyozi.

Msako wa barabarani hauwezi kukamata teksi bubu, kwa sababu barabarani haina alama. Inakamatika kwa mazoea yake. Gari la familia haliingii geti la uwanja wa ndege mara saba kwa siku. Haliamki nje ya Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis saa 10 alfajiri, siku sita kwa wiki. Mageti ya maegesho ya sehemu hizo yakiandika namba ya gari na saa ya kuingia, orodha inajitengeneza yenyewe: kila namba ya njano iliyoingia zaidi ya mara 4 kwa siku, kwa siku 10 au zaidi ndani ya mwezi. LATRA ilinganishe orodha hiyo na RRIMS, iangalie aina ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kisha imtumie mwenye gari ujumbe wa kumpa siku 60 abadilishe matumizi ya gari lake. Kuna watakaoingia kwenye orodha kimakosa, kwa mfano dereva wa ofisi au wa hoteli anayepokea wageni. Hao wana barua za mwajiri, na dakika tano zinatosha kuwaondoa.

Na mlango wa kuingia uachwe wazi kweli. Madereva wengi wa teksi bubu walikuwa na leseni zamani, ikawashinda kwa kuwa ada zote zinadaiwa kwa mkupuo na kwa tarehe tofauti. Tarehe zote zisogezwe ziwe moja: mwaka wa kwanza kila ada ilipwe kwa miezi iliyobaki tu hadi kufikia tarehe hiyo, na kuanzia mwaka wa pili iwe dirisha moja, siku moja. Anayetaka kulipa kwa robo mwaka aruhusiwe. Serikali haitapoteza hata shilingi, na itaongeza walipaji.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo matatizo mengine yote yanapozaliwa.

Kituo cha teksi kinachofanya kazi kina kichwa na mkia. Kichwa kiko mlangoni: geti la hospitali, lango la soko, mlango wa stesheni. Hapo magari manne yanatosha. Mkia uko mita 300 hadi 500 kutoka hapo, mahali ambapo hapamzuii mtu, na unabeba magari 15 au 20. Gari moja likiondoka kichwani, moja linaitwa kutoka mkiani. Gari dogo kama IST au Corolla linahitaji mita 6 za ukingo wa barabara ili liingie na kutoka bila kurudi nyuma mara tatu, hivyo kichwa cha magari manne ni mita 24. Hilo ndilo eneo lote tunaloomba mlangoni. Ni fupi kuliko mabasi matatu makubwa yaliyopangwa mstari mmoja.

Sehemu nyingi za jiji letu zina kichwa bila mkia, au hazina chochote. Matokeo yake yanajulikana. Magari 20 hugombea nafasi ya manne, mstari wa pili unaota juu ya lami, daladala zinakosa pa kupita, simu inapigwa, trafiki anakuja na mashine yake. Faini ni Tsh 30,000 kwa kosa. Anayeshikwa ni yule aliyekuwa akishusha mgonjwa, kwa sababu yeye hawezi kukimbia. Kesho yake hali ni ileile, maana faini haiongezi hata mita moja ya maegesho.

Kuchora rangi peke yake hakutoshi. Boksi lililoandikwa TEKSI likikosa kizuizi, ndani ya wiki linajaa bodaboda na bajaji, na wao hatuwalaumu, maana nao hawana pao. Weka vigingi viwili vya zege kwenye ncha mbili za boksi, acha ubavu wa barabarani wazi, na tenga mita 8 za bajaji na mita 5 za bodaboda hapohapo pembeni. Kila mmoja akiwa na pake, ugomvi unapungua kwa nusu. Sehemu ya kushusha iwe tofauti na ya kupakia, na iwe na kibao kinachosema dakika 3. Muhimbili dakika tatu ni chache kwa mtu mwenye plasta mguuni au bibi wa kubebwa, hivyo pale ziwe 10. Kariakoo shida ni mizigo: abiria wa Kariakoo ana maboksi manne na mfuko wa salfeti, na hawezi kutembea nayo hadi mtaa wa tatu kutafuta gari. Kwa Kariakoo tunashauri vichwa vidogo vidogo vya magari mawili mawili kwenye mitaa ya pembeni badala ya kituo kimoja kikubwa.

Kuna pia njia za mwendokasi, yaani za mabasi yaendayo haraka. Tangu huduma ianze Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, katikati ya barabara pamezibwa, na gari la kawaida haliwezi kuvuka upande wa pili mpaka lifike kwenye mataa. Abiria akiita kutoka ng'ambo ya barabara pale Manzese, gari lililo mita 40 kutoka kwake linaweza kutembea kilomita nzima na zaidi kumfikia, na kilomita hiyo halipwi mtu. Hatuombi kuingia kwenye njia ya mabasi. Njia ile ibaki ya mabasi na magari ya dharura. Tunachoomba ni sehemu ya teksi mbili tu karibu na vituo vikubwa vya mwendokasi, ili aliyeshuka na mizigo apate gari bila kusimama kwenye lami. Basi na teksi si maadui. Kilomita 15 za barabara kuu ni za basi, na kilomita 3 za mwisho, usiku au kwenye mvua, ni zetu.

Sasa nauli. Hapa tunaomba msome na kalamu mkononi.

Chukueni gari aina ya IST linalofanya kazi saa 12 kwa siku na kutembea kilomita 150. Kilomita zenye abiria tuseme ni 90. Zilizobaki 60 ni kwenda kuchukua, kurudi mtupu na kutafuta pa kusimama. Ndani ya foleni zetu gari hilo hula lita moja kwa kilomita 11 hivi, kwa hiyo siku moja inakula lita 13.6. Bei ya mafuta hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza, basi tuweke Tsh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: karibu Tsh 41,000. Nauli tuweke Tsh 1,000 kwa kilomita yenye abiria: Tsh 90,000. Kama safari zote zimetoka kwenye teksi mtandao, yaani kampuni ya kuita teksi kwa programu ya simu, inayokata kamisheni ya asilimia 25, zinaondoka Tsh 22,500. Zinabaki 67,500. Toa mafuta, zinabaki 26,500. Mpelekee tajiri, yaani mwenye gari, hesabu yake ya siku, tuseme Tsh 20,000. Dereva amebakiwa na Tsh 6,500 kwa saa 12, na bado hajala, hajanunua bando, hajaosha gari, hajalipa ushuru wa maegesho.

Faini moja ya Tsh 30,000 ni zaidi ya siku nne za dereva huyo. Ndiyo maana mtu anaendesha saa 16. Ndiyo maana anasinzia.

Mwenye gari lake halipi hesabu, ila gari linakufa mikononi mwake. Kilomita 150 kwa siku 26 ni kilomita 3,900 kwa mwezi. Oili ya kilomita 5,000 inamwagwa kila baada ya wiki tano na nusu. Matairi ya kilomita 40,000 yanaisha baada ya miezi 10 hivi. Bushi, boljointi na shokapu huondoka mapema zaidi kwa wanaoingia Goba, Kinyerezi au Mbagala ndani, ambako mvua moja ya masika inakula barabara ya udongo. Asiyetenga fedha kila siku kwa ajili ya spea hununua za mtumba, na hapo ndipo ripoti ya ukaguzi inapoanza kusema uongo.

Mnakumbuka mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa kamisheni ya asilimia 15. Aprili mwaka ule Uber ikasimamisha huduma nchini, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kiwango kurudishwa asilimia 25. Katika mfano wetu wa juu, tofauti ya asilimia 15 na 25 ni Tsh 9,000 kwa siku. Kwa dereva anayebakiwa na 6,500, kiasi hicho ni zaidi ya kipato chake chote cha siku. Majirani zetu wa Kenya walitunga kanuni mwaka 2022 zilizoweka ukomo wa asilimia 18, na teksi mtandao ziliendelea kufanya kazi Nairobi. Tunaomba mjadala ufunguliwe upya, safari hii hesabu za pande zote mbili zikiwa mezani.

Hata asilimia ikibaki ilipo, kuna mambo manne yanayoweza kurekebishwa bila kuigusa. La kwanza, umbali wa kwenda kumchukua abiria: ukizidi kilomita 2, kilomita za ziada zilipwe nusu nauli, na abiria aoneshwe hivyo kabla hajathibitisha. La pili, punguzo. Kampuni inapompa abiria punguzo la asilimia 30, hasara ya punguzo iwe ya aliyelitoa. La tatu, kamisheni ikatwe kwenye nauli ya safari tu, isiguse tozo ya daraja la Kigamboni wala maegesho ambayo dereva ameyalipa kwa fedha yake. La nne ni kufungiwa akaunti. Dereva hufungiwa na mashine kwa malalamiko ambayo hayaoni, hajibu kwa sababu hakuna wa kumjibu, na gari lake la mkopo linaendelea kudaiwa. Masharti ya leseni ya kampuni yaseme wazi: sababu iandikwe kwa Kiswahili, dereva asikilizwe na mtu mwenye jina ndani ya saa 72, na isipowezekana akaunti ifunguliwe wakati shauri linaendelea, isipokuwa kwa tuhuma za ukatili au wizi.

Madereva wa kijiweni hawakatwi kamisheni, lakini wana tatizo jingine: abiria hawaamini bei yao, na wana haki ya kutoamini, kwa sababu inatajwa kwa mdomo na inategemea sura ya abiria. Mgeni anatajiwa mara mbili. Tunalisema hili waziwazi kwa kuwa linatuharibia sote. Dawa yake ni mita.

Mita ya teksi si kifaa cha ajabu. Inahesabu umbali gari linapokwenda na muda gari linapokwama, na inabadilisha yenyewe kati ya viwili hivyo. Ukipanga Tsh 1,000 kwa kilomita na Tsh 150 kwa dakika, mpaka wa kubadilisha unakuwa kilomita 9 kwa saa: juu ya hapo inasoma umbali, chini ya hapo inasoma dakika. Chukueni safari ya kilomita 10 Ijumaa jioni, dakika 75, ambazo 40 kati yake ni za kutambaa kilomita 3. Nauli inakuwa Tsh 7,000 za kilomita saba na Tsh 6,000 za foleni, jumla 13,000. Jumapili asubuhi safari ileile ni Tsh 10,000. Kwa bei inayopangwa kabla ya safari, mara nyingi hasara ya foleni anaibeba dereva peke yake, na ndiyo sababu saa 11 jioni anakataa kwenda Tegeta. Abiria hulalamika kwamba madereva wanafuta safari. Wanafuta kwa sababu hesabu haikubali.

Mita isiachwe ikachezewa. Ipimwe na Wakala wa Vipimo kama inavyopimwa mizani ya sokoni na pampu ya mafuta, ifungwe lakiri yenye namba, na ipimwe tena kila mara saizi ya tairi inapobadilishwa, maana mita inayohesabu mizunguko ya gurudumu hudanganya tairi likibadilika. Inayosoma kwa setilaiti haina tatizo hilo, ila hupotea kidogo katikati ya majengo marefu ya Posta, hivyo iwe na kiwango cha makosa kinachokubalika kilichoandikwa kwenye kanuni. Stika ya nauli ibandikwe upande wa abiria, kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye namba ya gari na namba ya kupiga LATRA.

Kwa upande wa matumizi, hakuna kinachoweza kumwokoa dereva kwa haraka kuliko gesi asilia. Kilo moja ya gesi hulipeleka gari lile la mfano kama kilomita 15. Siku ya kilomita 150 ni kilo 10, na kwa Tsh 1,550 kwa kilo ni Tsh 15,500 badala ya 41,000. Tofauti ni Tsh 25,500 kwa siku, zaidi ya kamisheni yote. Kufunga mfumo ni takriban Tsh milioni 2, kwa hiyo kwenye karatasi gharama inarudi ndani ya siku 80.

Karatasi haina foleni. Mtungi wa lita 60 ukijaa kwa shinikizo la baa 200 hubeba kama kilo 10, yaani kazi ya siku moja tu. Dereva analazimika kujaza kila siku. Akikaa kwenye foleni ya gesi saa 3, amepoteza saa ambazo kila moja ingemwachia kama Tsh 4,300 baada ya kamisheni na gesi, jumla karibu Tsh 13,000. Nusu ya faida imebaki kituoni. Na kuna jambo ambalo wasiotumia gesi hawalijui: foleni ikiwa ndefu, akiba ya kituo inashuka shinikizo kuliko kompresa inavyoweza kuirudisha, na gari la arobaini linajazwa hadi baa 140 badala ya 200. Anaondoka na kilo 7 baada ya saa tatu, jioni yuko kwenye mstari tena.

Vituo vimeongezeka, na tunashukuru. Tunaomba pampu moja katika kila kituo iwe ya magari ya abiria yenye leseni kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, muda ambao madereva wa mchana na wa usiku hubadilishana magari. Leseni ioneshwe, gari lijazwe. Hapa ndipo leseni itaanza kununua kitu. Mitungi nayo iwe kwenye ukaguzi: tarehe ya kupimwa upya imegongwa juu ya mtungi wenyewe, mkaguzi aisome na kuiandika kwenye ripoti. Mtungi uliofungwa kwa mikanda ya kawaida ya nati mbili badala ya fremu iliyoungwa kwenye chasisi usipite. Na wapangaji wa vituo vya uwanja wa ndege wajue kwamba gari la gesi halina buti. Abiria mwenye masanduku matatu makubwa anahitaji gari la aina nyingine, na mstari wake utengwe mapema, siyo ugomvi uanze mlangoni.

Kuhusu mikataba, kwa kifupi. Magari mengi ya teksi leo ni ya mkataba: dereva analipa kiasi fulani kila siku kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha gari liwe lake. Inavunjika kwa njia zilezile kila mara. Siku za matengenezo zinahesabiwa kama siku za kulipa. Kadi ya gari ina jina la tajiri, na hakuna karatasi inayosema dereva ameshalipa kiasi gani. Mwezi wa kumi na sita gari linachukuliwa kwa kuchelewa siku nne. LATRA ikitoa fomu moja ya mkataba, yenye siku 3 za matengenezo kila mwezi zisizodaiwa, risiti ya kila wiki kwa ujumbe wa simu, na sharti kwamba aliyelipa zaidi ya theluthi mbili hanyang'anywi gari bila shauri kwa msuluhishi, wengi watapona. Fomu hiyo iambatanishwe kwenye maombi ya leseni, kama ilivyo kwa bima.

Usalama wa usiku unahitaji kitu kimoja tu kwa kuanzia. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, lakini kwenye teksi mtandao abiria anaweza kujiita jina lolote. Dereva anaitwa Bunju au Chanika saa 7 usiku na mtu anayejiita "Boss". Namba ya abiria ithibitishwe, dereva aone alama kwamba imethibitishwa bila kuoneshwa taarifa zake binafsi, na kampuni iwe na wajibu wa kuwapa polisi taarifa ndani ya saa moja gari linaporipotiwa kupotea. Saa moja, kwa sababu baada ya hapo gari limeshatoka nje ya jiji.

Mwaka 2027 nchi yetu pamoja na Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON, fainali za soka za mataifa ya Afrika. Wageni watashuka uwanja wa ndege na kwenye treni ya SGR, wataulizia teksi kabla ya kuulizia chochote. Treni ya usiku inashusha mamia ya watu ndani ya dakika 10, na mlangoni watu hao watakutana ama na mstari wenye mita na stika, ama na kelele za madalali wanaowavuta mikono. Maandalizi ya mstari huo hayafanywi wiki ya mashindano.

Nauli za mabasi hupangwa baada ya wadau kukusanywa kutoa maoni, na abiria wana baraza lao la kisheria la watumiaji wa usafiri ardhini. Tunaomba rasimu yoyote inayohusu teksi itolewe kwa Kiswahili siku 21 kabla ya kikao, ibandikwe vituoni, na kikao kifanyike saa 4 asubuhi, muda ambao kazi hupungua, siyo saa 12 jioni.

Ili tusibaki kwenye maneno, tunapendekeza jaribio la siku 90 katika sehemu tatu: Muhimbili, Mbezi Luis na stesheni ya SGR mjini. Magari 60 yenye leseni, 20 kila sehemu. Kichwa cha mita 24 na mkia ulio nje ya barabara kuu. Mita zilizofungwa lakiri. Geti linaloandika namba. Pampu moja ya gesi kwa saa mbili. Kila dereva ataandika daftari la kilomita zenye abiria, kilomita tupu, mafuta au gesi, na faini, na atalikabidhi kila Jumatatu. LATRA itoe ofisa mmoja wa kuyasoma, polisi watoe orodha ya makosa yaliyoandikwa katika sehemu hizo kwa siku 90 kabla na siku 90 za jaribio, na manispaa husika ichore mistari. Madaftari tutayanunua wenyewe.

Ni sisi,
Madereva wa teksi wenye leseni,
Dar es Salaam